Tochi mbili, si moja

Hapa Beltsville wiki hii sebule yetu imegeuka duka la tochi. Tunakwenda Zanzibar kuwaona wazee, na mdogo wa mume wangu, mwanafunzi hapa Maryland, atazamia baharini usiku kwa mara ya kwanza. Amenunua tochi moja kubwa ya bei. "Shemeji, hii inatosha," akaniambia.

Haitoshi. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa mita 12 chini ya maji huko huko Zanzibar, usiku, tochi yangu ikazima. Ya akiba niliiacha botini, ndani ya begi. Sikuona geji ya hewa wala mkono wangu. Mimi ninayewaambia wagonjwa kila zamu wapumue polepole, nilihema kama niliyekimbia. Mwenzangu aligundua kwamba mwanga wangu umepotea, akageuka, akanishika mkono, tukapanda taratibu. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo kila mzamiaji abebe tochi mbili mwilini mwake. Kubwa ifungwe kwa kamba kwenye kifundo cha mkono, ili ikiponyoka isizame. Ndogo ibanwe kifuani, mahali ambapo mkono wowote unafika. Ikiwa kubwa itazima, washa ndogo, mwonyeshe mwenzako, kisha mmalize safari. Tochi ya akiba ni ya kurudia, si ya kuendelea kutalii.

Unaponunua, usitazame ukali wa mwanga peke yake. Mwanga mwembamba hupenya vizuri maji yenye vumbi na hufaa kwa ishara. Mwanga mpana hufaa kutazama matumbawe ya karibu. Chagua swichi unayoweza kuibonyeza hata ukivaa glavu. Kabla ya kuzamia, kagua mpira unaozuia maji: unywele mmoja tu unatosha kuyaingiza.

Ishara ni chache. Chora duara polepole kwa mwanga: niko salama. Upeleke haraka kushoto na kulia: nina tatizo. Usimmulike mtu usoni.

Sasa safari. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Zibebe mkononi, kila moja kwenye kikasha chake au ncha zake zikizibwa kwa gundi ya karatasi. Begi lako la mkononi likichukuliwa mlangoni mwa ndege, zitoe kwanza. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. Zidisha volti kwa ampia-saa: betri ya volti 3.6 na ampia-saa 5 ina wati-saa 18, haina shida. Toa betri ndani ya tochi pia, kwa sababu tochi kali ya kuzamia hupozwa na maji. Ikijiwasha begini inaweza kuunguza nguo.

Jana usiku nilizima taa za sebuleni, nikamwambia shemeji atafute tochi ya akiba kifuani. Mara ya kwanza alipapasa hadi akacheka. Mara ya sita aliiwasha kabla sijamaliza kuhesabu tatu.

Nawe jaribu nyumbani, gizani, kabla ya kufunga begi. Tukutane mwezi ujao.