Njila ao Balabala?

Ndugu wafanyakazi, kwetu Katanga neno «njila» lina maana zaidi ya moja: kanjila ka miguu, na vilevile njia kubwa ya makamyo. Mwenzetu wa Kasai naye anasema njila. Mubemba anatofautisha inshila na umusebo, ndiyo njia ya motokari. Mtu wa Goma anasema barabara, sisi balabala. Nyumbani hakuna ubaya. Lakini mtu akipiga telefone, «Mwenzetu ameumia ku njila», ambulansi itakwenda wapi? Mimi naona kazini balabala iwe ya motokari tu, njila iwe ya miguu. Tena anayeita musaada ataje alama ya karibu: mulango gani, ao pahali balabala inapokata reli.