Dakar Si Mbali, Semeni Ni Ghali

Mwezi uliopita nilikaa kwenye kikao cha kuandaa tamasha dogo la vitabu hapa Dar es Salaam. Mmoja wetu akapendekeza tumwalike mwandishi kutoka Senegali. Watu wakaguna. "Dakar? Mbali mno hiyo." Dakika kumi baadaye tukapitisha jina la mgeni wa kutoka London, na hakuna aliyeguna.

Haya, tupime basi. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi Blaise Diagne, nje ya Dakar, ni kama kilomita 6,650 za angani. Hadi Heathrow ni kama 7,500. Usiniamini mimi, chukua tufe la shuleni na kipande cha uzi. London ndiyo iliyo mbali. Tumeizoea tu.

Najua jibu litakalokuja: ndege haifuati uzi. Kweli kabisa. Zile tovuti za kukokotoa umbali hukuambia Dar hadi Dakar ni saa 8 hivi, kwa sababu zinachukua kilomita na kugawanya kwa mwendo wa ndege, basi. Ndege yenyewe iko wapi? Mimi safari hiyo nimeifanya. Niliondoka Dar saa kumi alfajiri, saa 7 hewani mpaka Istanbul, saa 9 kwenye kiti cha chuma nikitafuna mkate wa bei ya kuku mzima, kisha saa nyingine 7 na nusu kurudi Afrika. Karibu kilomita 10,750. Yaani nilivuka Sahara mara mbili ili niende magharibi! Nilipofika, ofisa akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Dar. Akatazama tiketi, akaandika Istanbul.

Mashirika ya ndege yanasema abiria hakuna. Watatoka wapi, kama kwenda kunamaliza siku nzima? Mawaziri wetu walikubaliana kufungua anga huko Yamoussoukro mwaka 1999. Januari 2018 soko moja la usafiri wa anga likazinduliwa Addis Ababa. Uzi wangu bado hauna ndege.

Lakini leo sigombani na marubani wala mawaziri. Nagombana na sisi watu wa vitabu, mabingwa wa insha za "Afrika moja". Mariama Bâ alichapishwa hukohuko Dakar mwaka 1979, kwa Kifaransa, na leo tunamsoma kwa Kiswahili: *Barua Ndefu Kama Hii*. Kitabu kilifika. Mwandishi aliye hai ndiye tunamwambia yuko mbali!

Tiketi ya Dakar huenda ikazidi ile ya London, sikatai. Basi semeni ni ghali. Bei imepangwa na watu, tunaweza kukaa tukabishana nayo: tupunguze usiku mmoja wa hoteli, tuache zile fulana ambazo hakuna anayezivaa tamasha likiisha, tumwombe mgeni apitie Dakar na Nairobi kwa safari moja tugawane nauli na wenzetu. Ukisema "mbali", umeshafunga mjadala, kana kwamba Mungu ndiye aliyeisukuma Senegali baharini.

Kikao kijacho ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Tufe nimeliazima kwa mwalimu wa jiografia jirani yangu. Uzi ninao.