Maziwe, Kisiwa cha Nusu Siku

Safari za mapumziko za wafanyakazi wengi huishia ufukoni. Watoto huchezea mchanga, baba hulala chini ya mnazi, na mama hupika kama apikavyo nyumbani. Juma hili nawashauri wasomaji wangu waende mbele kidogo, watie nyuso zao majini.

Ninayo nia ya kuwapeleka Maziwe, fungu la mchanga lililozungukwa na miamba ya matumbawe, kilomita 8 hivi kutoka mji wa Pangani. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita 300 na zaidi kwa njia ya Chalinze na Segera. Mkifika Muheza mnaiacha barabara kuu ya Tanga na kushika njia ya Pangani. Laleni mjini. Jioni utazameni mto, ambao maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru, na wasimulieni watoto habari za Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani na kunyongwa katika mji huo huo Desemba 1889.

Lakini kabla ya kuomba likizo, tazama mwezi. Wakati wa bamvua, yaani siku chache zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hapo mchanga wa Maziwe hujitokeza mweupe katikati ya bahari. Alasiri maji hujaa, na kisiwa chote huzama. Nahodha akisema turudi, msibishane naye.

Zamani haikuwa hivyo. Maziwe kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje, na kasa wengi walipanda kutaga mchangani. Miti ikakatwa, na mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi ukachukuliwa na mawimbi. Hiyo ndiyo sababu itajwayo sana. Ilipofika miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Kasa hawakuacha kuja, ila mayai yakiachwa pale hufunikwa na maji, ndiyo maana watu wamekuwa wakiyahamishia bara. Naamini mtoto aliyesimama juu ya mchanga ule asubuhi, kisha akauona ukizama, hatahitaji kuhubiriwa juu ya faida ya mti.

Matumbawe yenyewe yangalipo. Si lazima kuwa mzamiaji hodari: ajuaye kuogelea kidogo, akivaa miwani ya kuzamia na mrija wa kupumulia, aweza kuelea kifudifudi akatazama chini. Ataona vitatange, na akinyamaza atasikia pono wakiguguna mwamba. Mwamba huo ni kazi ya wanyama wadogo sana, wajengao nyumba zao za chokaa kizazi baada ya kizazi, na aina nyingi huongezeka sentimita chache tu kwa mwaka. Miamba ya Tanga imeumizwa mno na uvuvi wa baruti, na mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi kuwa meupe na kufa. Mguu wa mgeni nao huvunja. Kwa hiyo asisimame mtu juu ya matumbawe, hata akichoka. Na ashike chombo.

Maziwe ni eneo tengefu chini ya sheria ya mwaka 1994. Uvuvi umekatazwa, na kuna ada ya kuingia, ambayo kwa familia yenye watoto wanne si ndogo, ulizeni mapema. Wauzaji wa makombe mtakaokutana nao pwani waacheni na makombe yao.

Kila mtoto avae jaketi la kuelea tangu mnapopanda chombo, na asivuliwe kwa sababu amelia. Kisiwani hakuna kivuli wala maji ya kunywa. Chukueni madumu mawili, kofia, na fulana kuukuu za kuogelea nazo, kwa maana jua la pale huunguza mgongo wa mtu aliyeinamia maji bila yeye kujua, akagundua usiku atakapotaka kulala.