KAMBI YA JESHI SI MAHABUSU

Njia ya kusini kuelekea Tunduma sisi wa Mlimba twaijua, na twawajua wanaoipita: vijana wa Habeshi watafutao riziki. Mwezi Juni 2012 miili zaidi ya 40 ya vijana hao ilikutwa imetupwa mkoani Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori.

Tarehe 29 Januari 2025 Rais Trump wa Marekani aliamuru nafasi 30,000 za wahamiaji zitayarishwe katika kambi ya wanamaji ya Guantanamo. Februari hiyohiyo watetezi walikwenda mahakamani kudai mawakili waruhusiwe kuonana na waliofungwa humo.

Serikali yoyote ina haki ya kulinda mipaka. Lakini jela ina daftari. Hakimu huikagua, na kwa sheria ya 2001 Tume yetu ya Haki za Binadamu na Utawala Bora yaweza kuingia. Lango la jeshi hujibu kwa bunduki.

Mtindo huo usije kwetu! Mgeni akikamatwa, aandikwe polisi, afikishwe mahakamani, ubalozi wake uarifiwe. Aliyeandikwa hapotei.