Acheni Tutengeneze Adapta Zetu

Siku ya kuwasilisha miradi, mwalimu mmoja alikishika kipande changu cha bodi kwa vidole viwili, kama mtu aliyetoa kitu kwenye mchuzi, akauliza, "Hiki umekitoa wapi, kwa fundi redio?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, maana alama zangu zilikuwa mkononi mwake. Lakini jibu la kweli lilikuwa: ndiyo, mwalimu, kwa fundi redio. Ni mjomba wangu, yuko Koboko.

Wenzangu wa fasihi ambao hamjawahi kushika lehemu, nivumilieni kidogo. Ubao wa majaribio, ule wa kuchomeka nyaya bila kulehemu, una vitundu vilivyoachana milimita 2.54, yaani sehemu ya kumi ya inchi. Chipu za zamani zilikuwa na miguu ya nafasi hiyo hiyo. Za leo nyingi ni ndogo zaidi. TP4056, inayochaji betri za lithiamu, ina miguu minane iliyoachana milimita 1.27. Haiingii hata uibembeleze. Basi unakata kipande cha bodi ya shaba kinacholingana na ukucha wa kidole gumba, unachora njia zinazotanuka kutoka 1.27 hadi 2.54, unalehemu chipu katikati na pini pembeni. Hiyo ndiyo adapta. Ni mkalimani tu, kama yule kijana wa soko la Arua anayesimama kati ya mama anayesema Kilugbara na mchuuzi aliyetoka Ariwara.

Sasa tunafundishwa nini? Kuagiza. Ukihitaji kuchaji betri, agiza bodi iliyokamilika, chomeka, andika ripoti. Na najua hoja itakayokuja: viwanda vya China vinatengeneza bodi tano kwa dola chache, safi kabisa, kwa nini ujichafue vidole? Hata mimi nimewahi kuagiza. Lakini usafiri hugharimu kuliko bodi zenyewe, na mzigo ukifika Entebbe bado una safari ya karibu kilomita 500 hadi kwetu. Daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati Septemba 2024, mabasi yalilazimika kuzunguka. Kifurushi cha rafiki yangu kilifika wiki moja baada ya kuwasilisha. Alikifungua kitandani, akakiweka chini ya mto, akalala.

Hata hivyo ucheleweshaji si hoja yangu kubwa. Hoja yangu ni rezista moja.

Mjomba hutengeneza taa za sola, zile ambazo familia nyingi za Bidibidi na Rhino Camp hutegemea usiku. Nilimpelekea kwa majivuno bodi za kuchaji za dukani, zenye hiyo hiyo TP4056. Tulizifunga kwenye taa tatu. Hakuna hata moja iliyojaa. Mjomba akaniuliza, "Mwanangu, hii bodi inavuta umeme kiasi gani?" Mimi, mwanafunzi wa chuo kikuu, sikujua. Ilibidi nirudi kusoma. Rezista iliyo kwenye pini ya 2 ndiyo inayopanga mkondo. Bodi za dukani huja na ya kiloomu 1.2, maana yake amperi 1 nzima. Kipaneli cha taa, sawa na kiganja cha mtoto, hakiwezi kutoa amperi 1. Voltiji inaporomoka na kuchaji kunakatika. Ukiweka rezista ya kiloomu 10, mkondo unashuka hadi miliamperi 130 hivi, na taa inajaa polepole. Mtu wa kiwandani alikuwa ameniamulia, nami sikujua kwamba kulikuwa na uamuzi.

Nilipotengeneza adapta yangu, nililazimika kuijua kila pini. Nilichora njia kwa KiCad, programu ya bure, nikachapa kwa printa ya leza kwenye karatasi ya gazeti la kung'aa, nikaibandika juu ya shaba kwa pasi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo pasi ilikuwa ya mkaa (inafaa, ila puliza majivu mbali). Tona ikashika, kloridi ya feri ikala shaba iliyobaki. Ya kwanza niliiharibu: nilisahau kugeuza mchoro kama kwenye kioo, pini ya 4 inayopokea umeme ikabadilishana nafasi na ya 5 inayokwenda kwenye betri. Chipu iliungua. Sijapata mhadhara ulionifundisha mpangilio wa pini kama ule moshi.

Sisemi kila kitu kifanyike kwa pasi. Kwa chipu zenye nafasi ya milimita 0.65 njia zangu hushikana, na hapo naagiza bila aibu. Pia ile kemikali si ya kumwaga mtaroni. Lazima pawe na chombo na mtu wa kuisimamia. Kwa sababu hiyo hiyo kazi hii inastahili kufanyiwa maabara, badala ya kuachwa tuifanye kwa kujificha nyuma ya hosteli. Bodi moja ya sentimita 10 kwa 15 inatoa adapta zaidi ya 60 za chipu ya miguu minane. Darasa zima linatosha. Chipu zenyewe zimejaa kwenye vifaa vibovu mezani kwa kila fundi simu mjini, bei yake ni maelewano.

Na fomu ya tathmini ibadilishwe. Ina alama za "mwonekano wa kitaalamu", haina hata moja ya kueleza kwa nini rezista fulani ipo pale ilipo. Walimu wangu, tuulizeni hilo. Ulizeni na wale walioagiza.

Muhula huu naleta taa nne zilizotoka kwa mjomba, kila moja na adapta yake. Kingo zake hazijanyooka, nilizikata kwa msumeno wa chuma. Pini ya 1 nimeitia doa jeupe.