Siku 30 za rufaa haziko za matajiri tu

Mutu anaumizwa na uzembe wa mwengine. Anashitaki, na tribinali inamunyima haki ao inamupa makuta ya dawa ya wiki moja. Kisha anaambiwa: «Zuzi amekwisha kukata, rudia nyumbani.» Sisi vijana wa Kamina tunasema: hapana!

Katiba, kifungu cha 21, inamupa kila mutu haki ya kupinga hukumu. Kwa kesi ya fidia, rufaa iko na siku 30, tangu mjumbe wa tribinali anapokuletea hukumu. Kwa kesi ya penale, siku 10 tu. Zikipita, mlango umefungwa. Nani anazipoteza? Mjane asiye na avoka wala pesa ya kopi.

Tunakumbuka Katongola, tarehe 22 Aprili 2014, na Buyofwe, Machi 2022. Treni za mizigo zilianguka, makumi ya watu wakafa. Kwa Buyofwe, wakubwa walisema wale watu walipanda kwa kujificha. Hata kama! Kodi ya sivile, kifungu cha 259, inasema mutu anajibu hata kwa uzembe wake. Kosa la abiria linaweza kupunguza fidia; peke yake halifuti jukumu la mwenye kuendesha treni.

Tunadai:
– kopi ya hukumu bila malipo kwa maskini;
– zuzi atangaze muda wa rufaa kwa Kiswahili na Kiluba;
– avoka wa bure, kweli kweli.

Familia, siku mnapopokea karatasi, andikeni tarehe. Msilale. Kunyamaza ni kusaini.