Istilahi Huzaliwa Penye Udongo

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya leo. Wakitajiwa mata ngumu zinazoundwa kwa kushikanisha chembe za nano chini ya shinikizo, huamua papo hapo kwamba hayo ni mambo ya maabara na ya Kiingereza. Hoja hii haina mashiko. Mwenye shaka na aende Kitui au Makueni, atazame tofali la udongo likishindiliwa.

Udongo wa maramu huchekechwa, ukachanganywa na saruji, aghalabu asilimia 5 hadi 10, kisha ukatiwa maji kidogo. Hujazwa katika kalibu ya mashine, mkono wa chuma ukavutwa, tofali likatoka limekazana. Halichomwi, hufunikwa na kunyunyiziwa maji kwa majuma kadhaa hadi likomae. Ndani yake mna elimu pana. Unene wa vibamba vya udongo mfinyanzi hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Saruji nayo ikikutana na maji huzaa ute wa chembe ndogo mno, ambao hugeuka mgumu na kuvifunga vibamba hivyo. Kazi ya shinikizo ni kufukuza hewa na kuzikaribisha chembe zishikane.

Manufaa yake kwa Ukambani ni dhahiri shahiri. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015. Kitui ikapiga marufuku biashara ya makaa mwaka 2018. Tofali lisilochomwa halili kuni, na linaloshikana na mwenziwe kwa meno hupunguza mchanga wa kujengea.

Hata hivyo, udongo wenye ufinyanzi mwingi hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Fundi aliyekariri vipimo bila kuelewa sababu atavipeleka kwenye udongo usiovikubali, na mjane aliyemlipa ndiye atakayebaki na ukuta wenye nyufa. Hapo ndipo istilahi inapokuwa nyumba ya mtu.

Huenda ikasemwa kwamba mafundi hao huzungumza Kikamba. Naam, na Kikamba kina hazina yake ya maneno ya udongo. Kiswahili ndicho kinachomkutanisha fundi huyo na mhandisi atokaye mbali, na tangu Katiba ya 2010 ni lugha rasmi ya Kenya. TUKI ilikwisha kuonyesha njia mwaka 1990 kwa kamusi yake ya biolojia, fizikia na kemia. Kilichosalia ni kuwafikia wanaoshika udongo wenyewe.

Hivyo basi, tasnifu za istilahi zisiandikwe maktabani pekee. Mwanafunzi akae na mafundi, asikilize wanavyotofautisha kushindilia, kukandamiza na kubana, arejee darasani na maneno yaliyokwisha kupimwa kwa kazi. Wahadhiri nao wawashirikishe wenzao wa uhandisi katika usimamizi wa tasnifu hizo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.